Weka Sikio Kifuani Kwake

Msomaji wangu mpenzi, mwezi huu naanza na swali la chumbani, na tafadhali usinune. Mara ya mwisho kulaza kichwa kifuani kwa mwenzi wako ilikuwa lini? Sisemi ile ya kuegemea huku mkono mmoja unachati. Nasema kulaza sikio kabisa, mkanyamaza wote wawili, ukasikiliza.

Mama yangu ana miaka 64, ndoa yake ina miaka 41, na yeye ndiye aliyenifanya niandike ukurasa huu.

Juni iliyopita nilikwenda nyumbani Tunduma. Anayeijua Tunduma anaijua kwa malori: foleni inaanza huko Mpemba, inajivuta taratibu kuelekea mpakani, ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Huwa tunasema mtoto wa Tunduma anajifunza kuhesabu kwa matairi. Na Juni ni baridi ile ya kwetu, ya kukaa jikoni sio kwa sababu una njaa, ila kwa sababu kuna moto. Basi tumekaa na mama, tunachambua maharage, akaniambia bila hata kuinua macho:

"Mwanangu, moyo wa baba yako umebadilika."

Sio siri, akili yangu ilikimbia moja kwa moja ng'ambo ya mpaka. Nikajua tayari, mzee ana nyumba ndogo Nakonde! Nikaanza kumpa mama pole, na maneno yote ya ushauri ambayo mwaka mzima nawaandikia ninyi. Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika.

"Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya," akasema. "Nasema moyo wenyewe. Ulio kifuani."

Akanieleza. Miaka yote hiyo amelala akiusikia moyo wa baba unatwanga kama mtu mmoja na kinu chake, tu-tu, tu-tu, mpaka usingizi unamchukua. Tangu mwaka jana, anasema, unatwanga kama watoto wawili wanaogombania mchi mmoja. Unakimbia, unasita, unaruka, unakimbia tena. Alipomuuliza, baba alimjibu neno moja: uzee.

Kisha mama akashusha sauti. Wiki tatu kabla sijafika, asubuhi wakinywa chai, kikombe kilimdondoka baba kutoka mkono wa kulia. Akataka kusema kitu, maneno yakatoka yamevurugika. Baada ya kama dakika ishirini kila kitu kikarudi sawa. Baba akafuta chai mezani mwenyewe, akamwambia mama: "Usiwaambie watoto."

LORI LIKIBADILISHA MLIO

Baba yangu ni dereva mstaafu. Miaka 28 amepiga njia ya Dar, Lusaka, mpaka kwenye shaba ya Kongo. Leo ana duka la vipuri na umri wa miaka 70. Presha anayo, na dawa anazo, ila anazimeza siku kichwa kinapouma tu, kana kwamba presha ni mgeni anayebisha hodi kabla ya kuingia. Sigara alianza akiwa na miaka 22, ya kumfukuzia usingizi usiku barabarani. Barabara aliiacha, sigara ikabaki.

Nilipomwambia twende hospitali aliniangalia kama nimemtukana. Mimi nikaleta hoja za kisomi, zikagonga mwamba. Mama ndiye aliyeshinda, tena kwa sentensi moja:

"Baba fulani, wewe lori likibadilisha mlio, ulikuwa unaendelea kuendesha?"

Mzee akanyamaza. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye gari la Mbeya.

Kipimo chenyewe, jamani, wala sio cha kutisha. Inaitwa ECG. Unalala kitandani, unabandikwa vidude kifuani, mikononi na miguuni, unatulia dakika chache, mashine inatoa karatasi yenye mistari. Haichomi, haivutishi umeme. Daktari, kijana wa umri wangu, akatuonyesha. Milima ile ya moyo inatakiwa ifuatane kwa nafasi sawa, kama nguzo za umeme barabarani. Ya baba ilikuwa kama nguzo zilizosimikwa na mlevi.

Maelezo yake nitawapa kama nilivyoyaelewa. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu vikipata hitilafu ya umeme vinaacha kupiga, vinabaki vinatetemeka tu. Damu haisukumwi yote, nyingine inatuama kwenye kona, na damu iliyotuama huganda. Bonge dogo likichomoka, njia yake nyepesi ni kwenda kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Mwenye tatizo hili la mapigo, hatari yake ya kupata kiharusi ni kama mara tano ya asiye nalo.

Kile kikombe cha chai, daktari akasema, kilikuwa onyo. Kiharusi cha kupita, kinachokuja na kuondoka chenyewe. Mara nyingi kinachofuata hakiondoki.

Mama alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani. Hakusema "nilikwambia". Wanawake wenye ndoa za miaka 41 hawana haja.

KWA NINI YEYE NA SIO MAMA?

Njiani kurudi baba akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mimi na mama yenu tumekula chungu kimoja, tumelala kitanda kimoja. Kwa nini moyo wangu mimi?"

Mimi nimesomea mawasiliano, sio udaktari. Lakini swali la baba lilinikaa, nikaenda kusoma. Majibu mengine ni yale tunayoyajua: presha isiyotibiwa, sigara, pombe, unene, kisukari, na kule kukoroma kwa kukatika pumzi usingizini. Kwetu Afrika yapo pia magonjwa ya valvu za moyo yanayoanzia kwenye homa za koo za utotoni. Na umri wenyewe. Ila lipo jibu moja ambalo sikuwahi kulisikia, na linawahusu wanaume peke yao.

Turudi kidogo kwenye baiolojia ya sekondari. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani vile vifurushi vya maelekezo ya kijeni. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Y ni kifurushi kidogo sana, ndicho kinachomfanya mtoto tumboni awe wa kiume.

Sasa sikiliza. Mwanaume anapozeeka, baadhi ya seli zake za damu hupoteza hiyo Y.

Damu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, seli zinagawanyika usiku na mchana maisha yote. Kila zinapogawanyika lazima zinakili vifurushi vyote 46. Ukinakili daftari mara mabilioni, siku moja utaruka ukurasa, na kwa sababu Y ni ndogo na seli ya damu inaweza kuishi bila hiyo, ndiyo inayodondoka mara nyingi kuliko nyingine. Seli iliyoikosa inazaa nyingine zisizo nayo, na hizo zinazaa nyingine. Mwanaume mwenyewe hajisikii chochote.

Wanasayansi waliona jambo hili tangu miaka ya 1960, wakalichukulia kama mvi: uzee tu, halina neno. Mambo yakageuka mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, waliporipoti kwamba wazee waliopoteza Y kwenye sehemu kubwa ya damu yao walikufa mapema kuliko wenzao. Mwaka 2019 utafiti wa wanaume zaidi ya 200,000 nchini Uingereza ukaonyesha kwamba mmoja katika kila watano tayari ana upotevu huo, na wakifika miaka 70 ni zaidi ya wawili katika kila watano.

Halafu ikaja 2022. Timu iliyomhusisha Kenneth Walsh wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ilichapisha kwenye jarida la Science kazi iliyounganisha jambo hili na moyo. Walichukua panya dume, wakawapa uboho ambao seli zake zimeondolewa Y. Mioyo ya panya wale ikajaa makovu, ikadhoofika, na wakafa mapema. Sababu ni kwamba zile seli za damu ambazo kazi yake ni ulinzi, zikiingia kwenye moyo bila Y zinachanganyikiwa. Badala ya kutengeneza palipoharibika zinachochea makovu. Wakarudi kwa binadamu, kwenye takwimu za Uingereza: wanaume waliokosa Y kwenye zaidi ya asilimia 40 ya seli zao nyeupe za damu walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa iliyozidi kwa asilimia 31.

Makovu yanahusianaje na mapigo? Umeme wa moyo unapita kwenye nyama ya moyo kama maji kwenye mfereji. Kovu ni jiwe katikati ya mfereji. Umeme ukigonga jiwe unazunguka, unapotea, unarudi ulikotoka, na vyumba vya juu vinaanza kutetemeka. Ndiyo maana watafiti wa mapigo ya moyo sasa wanaitazama kwa makini damu ya wazee, na sio Y peke yake: yapo mabadiliko mengine ya kijeni yanayozuka kwenye uboho uzeeni, kwa wanaume na wanawake, ambayo nayo yamehusishwa na tatizo hili la mapigo.

Siwezi kukwambia kwamba moyo wa baba yangu uliharibiwa na Y iliyopotea. Hakupimwa, na presha na sigara zake zinatosha kushtakiwa. Lakini swali lake "kwa nini mimi na sio mama" sasa lina sehemu ya jibu.

HAI, KILIMANJARO

Utasema hayo ni ya Wazungu. Basi twende Hai, Kilimanjaro. Wazee zaidi ya 2,200 wa vijijini, wote wenye miaka 70 na kuendelea, walipimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wenye tatizo hili la mapigo hawakufika hata mmoja katika kila mia. Ulaya na Marekani, kwa waliofika miaka 80, ni karibu mmoja katika kila kumi. Ni uchache wa kushangaza.

Ila usikimbilie kushangilia. Katika wazee wa utafiti huohuo, karibu saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na presha ndiyo mlango mkubwa wa ugonjwa huu. Halafu fikiria mzee wa kijijini Hai, anayepanda na kushuka mlima kila siku, kisha mfikirie mzee wa Tunduma anayekaa dukani kutwa, moshi wa malori mbele, sigara mkononi, nyama choma jioni. Halafu jifikirie wewe msomaji, na kiti chako cha ofisini.

HABARI NJEMA IMO KWENYE SIGARA

Sasa nakupa kilichonifanya nimpigie baba simu saa nne usiku.

Watafiti walewale wa Sweden walichunguza kwa nini wanaume wengine hupoteza Y haraka. Umri ulikuwa wa kwanza. Waliofuata ni wavutaji sigara. Katika wanaume zaidi ya 6,000, waliokuwa wakivuta walikuwa na upotevu mkubwa zaidi, na kadiri mtu anavyovuta pakiti nyingi ndivyo Y inavyopotea. Ila waliokwisha kuacha? Damu yao ilifanana na ya wasiovuta. Yaani uboho ukipumzishwa na moshi, unajirekebisha.

Nikamsomea baba. Kimya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Kwa hiyo hii Y ikiisha, nageuka mwanamke?"

Hapana, mzee wangu. Na hapa nawaambia akina kaka wote, maana najua mmeshtuka: Y inapotea kwenye seli za damu. Ndevu zako zipo, sauti yako ipo, na hayo mengine unayoyawaza nayo yapo. Ila sigara, hiyo yenyewe inaharibu mishipa ya damu mwili mzima, na mishipa ndiyo inayofanya hayo mengine yawezekane. Baba akakohoa kidogo akaniambia nimpe mama simu.

Ninachokiona mimi ni hiki. Wanaume wetu wanaficha mapigo yanayoruka ili waonekane wanaume. Wanavumilia kizunguzungu, wanasingizia vumbi, wanafuta chai mezani na kusema usiwaambie watoto. Na kumbe hiyo alama yenyewe ya uanaume inadondoka taratibu kwenye damu, bila kuomba ruhusa, hata kwa mbabe wa barabara ya Kongo. Sasa unaficha nini? Mwanaume ni yule atakayekuwepo mezani mwakani.

JARIBU HIVI MWEZI HUU

Moja. Pimaneni mapigo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Saa mkononi, dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo 60 mpaka 100 ni kawaida. Kubwa kuliko idadi ni mwendo. Unatakiwa uweze kuupigia makofi. Ukishindwa kuufuata, kapime ECG. Hospitali za mikoa na za rufaa ndio pa kuanzia. Wakihitaji ubingwa zaidi watakuelekeza, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam. Kwa sisi wa Tunduma hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo anza na iliyo karibu, anza mapema.

Mbili. Presha ipimwe hata kama kichwa hakiumi, na dawa zimezwe hata kama kichwa hakiumi.

Tatu. Jua dalili za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Hata zikipita baada ya dakika tano, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri watoto warudi likizo.

Nne. Usikubali kuuziwa vidonge vya "kurudisha Y" wala vya "kusafisha damu". Kinachojulikana kusaidia ni kuacha sigara, na hakiuzwi.

Tano. Wewe unayelala naye, wewe ndiye mtu wa kwanza kusikia. Ukisikia mabadiliko, sema. Akikasirika, tafuta lugha yake. Kwa dereva ni lori, kwa mhasibu ni hesabu isiyofunga, kwa shabiki wa mpira ni refa aliyepoteza filimbi.

Baba sasa anameza dawa za kuzuia damu isigande na za presha, kila siku, saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari. Sigara aliacha Agosti, akarudi Septemba, akaacha tena Oktoba. Mama anahesabu siku kwenye kalenda ya duka, anaweka alama kwa peni nyekundu. Wiki iliyopita zilifika 47. Mkono wa kulia una nguvu, ila kikombe siku hizi anakishika kwa mikono miwili. Anasema ni kwa ajili ya baridi. Sote tunamwachia hiyo.

Na mimi? Usiku niliorudi kutoka Tunduma, mume wangu, miaka 39, alishangaa nimemlazia sikio kifuani na sisemi kitu. Akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia anyamaze, nahesabu. Yalikuwa 72, yamenyooka kama nguzo. Halafu, kwa kuwa nilikuwa karibu vile, nikanusa shati. Sigara ambayo aliniapia ameiacha tangu harusi.

Hayo mengine ya usiku ule hayaandikiki kwenye gazeti. Itoshe kusema kalenda ya pili imetundikwa, hii ya jikoni kwangu, na peni nyekundu ninayo.

Tukutane mwezi ujao, ninyi wawili.